Nilivyompeleka mama mkwe kuona mnara wa taa kisiwani Wales, na hata mkono siruhusiwi kumpa

Wakuu, nawasalimu kutoka Kingsbury, kaskazini magharibi mwa London, mvua inanyesha kama kawaida yake.

Leo sina siasa wala mpira. Nina kisa changu mwenyewe, kimetokea half term iliyopita, ile likizo fupi ya shule, na nitakachoandika hapa ndicho nilichokiona kwa macho yangu.

Najua humu kuna watu kazi yao ni kukoment "chai", yaani uongo, kabla hawajamaliza hata paragraph ya kwanza. Ninyi nawaomba mvumilie mpaka chini, ushahidi ninao.

Kwanza mnijue. Mimi mtu wa Singida, ni carer kwenye care home moja upande wa Stanmore. Kazi yangu ni kuinua watu. Asubuhi nawatoa wazee kitandani, nawaosha, nawavalisha, nawaweka kwenye viti, jioni nawarudisha. Mgongo umeshazoea.

Mke wangu Bhoke ni nurse, mtu wa Tarime. Tuna binti mmoja, Nyangi, yuko secondary, kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata ukimteta anasikia, ila kujibu anajibu Kiingereza.

Sasa, mama mkwe akaja kututembelea.

Wale mliooa Mara mnajua naelekea wapi. Kwa kina mke wangu, angalau kwenye ukoo wao, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali.

Hampeani mkono. Hamli pamoja. Hamtazamani usoni. Shikamoo unaitoa umeangalia chini, marahaba inakuja, basi, kila mtu na njia yake.

Kijijini hilo halina shida, kuna uwanja, kuna nyumba ya huku na nyumba ya kule. Hebu hamishia heshima hiyo kwenye flat ya vyumba viwili Kingsbury, choo kimoja.

Nikitoka shift nampigia simu Nyangi nikiwa bado chini ya ngazi, "Niko mlangoni." Anamwambia bibi yake, bibi anaingia chumbani, ndipo naingia. Asubuhi lazima nikohoe kabla sijafungua mlango wa chumba. Chakula nakula jikoni, nimesimama, kwangu mwenyewe.

Na tukiwa na jambo la kuambiana linapitia kwa mtoto.

"Nyangi, mwambie baba yako heater imezima."

Mimi niko hapo koridoni, nimesikia kila kitu. Nyangi anageuka, "Dad, the heating's off."

"Mwambie bibi naishughulikia."

"Bibi, he's on it."

Yaani mtoto anafanya ukalimani kwa Kiingereza kati ya Waswahili wawili. Bhoke alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Sikuwa na kinyongo na yule mama. Ni mwalimu mstaafu, kafundisha jiografia shule ya msingi maisha yake yote, mtu wa heshima zake, na mwiko ule hakuutunga yeye. Lakini nisiwafiche, ilikuwa inaniuma. Kila siku nawabeba mama za watu nisiowajua, halafu mama wa mke wangu akidondosha mkongojo nasubiri mtoto aje auokote.

Maana goti lake la kulia ni bovu, nilisahau kuwaambia. Anatembea, lakini kwa mkongojo na kwa kupumzika.

Kwa sababu ya hilo goti, na shift za Bhoke, na mimi kutoweza kumtoa peke yangu, mama alikuwa hajaenda popote zaidi ya kanisani na maduka ya Kingsbury Road. Kuna Mhindi mmoja pale mwenye duka la mboga, kazaliwa Mwanza, Kiswahili chake ni safi kuliko cha binti yangu. Alikuwa anamwita "Mwalimu" na kumchagulia mihogo mizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa outing ya mama.

Safari ya kurudi nyumbani ikawa imekaribia. Jioni moja niko jikoni na sahani yangu mkononi, nikamsikia sebuleni anaongea na Nyangi.

"Miaka yote nimesimama ubaoni nawaambia watoto Uingereza iko kisiwani, imezungukwa na bahari. Nimekaa humo kisiwani, sasa naondoka, bahari yenyewe sijaiona. Nikirudi nitawaambia nini?"

"We could go to Brighton, Bibi."

"Mimi nataka ile niliyokuwa nachora. Majabali, mawimbi yanapiga chini, na mnara wa taa. Niliuchora kwa chaki mpaka vidole vikapauka, na sijawahi kuuona hata mmoja."

Wakuu, nikaweka sahani ya ugali chini.

Kwa sababu picha hiyo hiyo naiona kila siku kazini. Kuna bibi mmoja wa Kiwelisi pale care home, sitaji jina, confidentiality. Juu ya kitanda chake kuna picha ya jabali kubwa, ngazi zinateremka kwa kujipinda, daraja dogo, na mnara mweupe juu ya kijisiwa. Kazaliwa huko, kisiwa cha Anglesey, wenyewe kwa lugha yao wanakiita Ynys Môn. Kila nikimvalisha soksi ananihadithia.

Kesho yake nikamuuliza pale kwenye picha panaitwaje. Akaniambia South Stack. Akasema niende kabla sijazeeka, maana ngazi zile hazina huruma.

Nikamwambia Bhoke, tunampeleka mama, tunapanga caravan, vile vijumba vya matairi.

"Na goti lile?"

"Atafika atakapofika."

"Na wewe je? Kwenye caravan utakaa naye vipi?"

Nikamwambia nitalala kwenye gari. Na kweli nililala kwenye gari, wakuu, nimejikunja, mke wangu yuko ndani kwenye godoro.

Tukaondoka Jumamosi asubuhi. Mama nyuma kulia, Nyangi nyuma kushoto, Bhoke mbele na mimi. Kioo cha katikati nikakiinua kidogo ili tusikutane macho, nikawa nategemea vya pembeni. Watu wa usalama barabarani msinianze.

Safari ni ndefu, inakula siku. Ukishaingia Wales ya kaskazini, milima iko kushoto na bahari kulia, na barabarani wameandika neno ARAF kwa herufi kubwa, maana yake punguza mwendo. Mama alipoiona bahari mara ya kwanza alifungua dirisha tu, upepo ukaingia, Nyangi akalalamika baridi, bibi hakufunga.

Tulipofika kwenye daraja la kuingilia kisiwani ndipo akaongea.

"Nyangi, mwambie baba yako apunguze mwendo. Huu ni mlangobahari."

"Dad, slow down, it's a... something."

"Mlangobahari," mama akarudia, taratibu, kama yuko darasani. "Maji membamba yanayounganisha bahari mbili, huku nchi kavu na huku nchi kavu. Nimelifundisha hilo neno maisha yangu yote."

Nikapunguza mpaka wa nyuma yangu akapiga honi.

Sasa kwa wale mnaotaka kwenda, niwape kidogo.

Mji wa Beaumaris una ngome ya zamani, kuta nene, imezungukwa na maji, bata wanaogelea. Kinachofurahisha ni kwamba haikumalizwa. Mfalme aliyekuwa anaijenga aliishiwa katikati, minara ikabaki mifupi mpaka leo. Mama akazunguka pale na mkongojo wake, akasema, "Nyangi, mwambie baba yako, hata mfalme alikwama." Alikuwa anajua nyumba yangu ya Singida imeishia kwenye lenta. Kwa hiyo wakuu mliokwama kwenye lenta msijione wabaya, tuko na mfalme wa Uingereza kwenye kundi moja.

Jambo lingine, watu wa kule wanaongea lugha yao. Si ya kwenye maonyesho, wanaiongea dukani. Dada wa duka alikuwa anamgombeza mwanae kwa Kiwelisi, sisi akatuhudumia kwa Kiingereza, akarudi kwa mtoto kwa Kiwelisi, na mtoto anamjibu hivyo hivyo. Mama akasimama kuwasikiliza mpaka ikawa aibu.

"Hawa wana kilugha chao," akamwambia Nyangi. "Wewe chako kiko wapi?"

"I understand it, Bibi."

"Sikuuliza kama unaelewa."

Mimi nikajifanya naangalia biskuti.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya South Stack. Ukifika pale, ng'ambo ya barabara kuna misingi ya nyumba za watu wa kale, mawe yamepangwa duara, nyasi katikati. Nyumba za msonge kabisa. Mama akaingia kwenye duara moja akiwa na Nyangi na Bhoke, akaanza kugawa nyumba kwa mkongojo.

"Hapa moto. Hapa mbuzi. Hapa bibi mwenye nyumba." Kisha akanyoosha mkongojo kwenye nafasi ya mlango. "Na hapo mkwe angesimama, asingeingia."

Mimi ndipo nilipokuwa nimesimama. Wote wakacheka, na mimi nikacheka huku nimeangalia nyasi.

(Nimerudi kuongeza: kuna mkuu ameuliza kama pako wazi mwaka mzima. Hapana. Upepo ukizidi wanafunga, na kuna misimu hawafungui kabisa, ulizia kwanza. Ndege wa baharini nenda mwishoni mwa spring, mwezi wa tano hivi, wamejaa kwenye jabali lile mpaka jiwe halionekani.)

Tukafika juu ya ngazi.

Picha ya yule bibi haikunionyesha ukweli. Ngazi ni za mamia, zinateremka ubavuni mwa jabali, upande mmoja ukuta wa mawe, ng'ambo yake hewa. Chini kabisa bahari inapiga na kurudi, ndege wanapiga kelele, na pale mbele, ng'ambo ya daraja jembamba, mnara umesimama mweupe.

Bhoke, nurse aliyeshaona kila kitu kwenye kitengo cha dharura, akaangalia chini mara moja tu, akakaa kwenye benchi.

"Mimi mwisho wangu hapa."

Nilikuwa sijui kama mke wangu anaogopa urefu. Nimeoa muda wote huo na sijui.

Mama yeye alikuwa ameshauangalia mnara. Hakumuuliza mtu. Akashika ukuta kwa mkono mmoja, mkongojo kwa mwingine, akaanza kushuka. Nyangi akamkimbilia mbele. Mimi nikafuata nyuma, umbali wa heshima, macho kwenye visigino vyake.

Moyo wangu, wakuu. Kazini mzee mwenye goti lile nisingemruhusu ashuke hata ngazi ya bustanini bila kumshika. Hapa niko nyuma yake, mikono mgongoni.

Akashuka vizuri. Akapumzika. Akashuka tena. Tulipopita katikati, goti likagoma.

Nililiona kabla yeye hajalisikia. Mguu ulitetemeka, mkongojo ukamponyoka ukaenda ukigonga ngazi, naye akakaa chini ghafla, kakumbatia ukuta. Uso umebadilika rangi. Ukimwangalia unajua haendi juu na haendi chini.

"Nyangi," akasema. "Mwambie baba yako..."

Sijui alitaka niambiwe nini. Nadhani na yeye hakujua.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kizungu anapanda kutoka chini, kavaa buti za mlimani, ameuokota ule mkongojo. Akaufikisha, akanyoosha mkono wake. "Let me help you, love."

Na mimi nimesimama. Nawaambia ukweli, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mtu ninayelipwa kuinua wazee, namwangalia mgeni anataka kumwinua mama wa mke wangu mbele yangu.

Nyangi akamtazama yule mzee. Akanitazama mimi. Akamgeukia bibi yake, na sauti yake ilikuwa na hasira.

"Bibi, baba yuko hapo hapo. Mwambie mwenyewe."

Kwa Kiswahili, wakuu. Chote, bila kukata.

Mama akaangalia bahari. Akauangalia mnara, ulikuwa karibu kiasi kwamba unaona fremu za madirisha. Kisha akamwambia yule mzee, kwa Kiingereza chake cha darasani, neno moja moja:

"Thank you very much. My son will help me."

Akafungua kitenge alichojifunga kiunoni. Akakikunja, akakipitisha nyuma yake bila kugeuka.

"Baba Nyangi. Weka begani."

Tangu nimuoe binti yake ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha mimi kama mimi. Nikaweka begani. Nikampita, nikasimama ngazi ya chini yake, mgongo nimempa. Mkono wake ukatua juu ya kitenge. Heshima yake iko pale pale, kitambaa kiko katikati, na uzito wake wote uko kwangu.

"Tunapanda au tunashuka, mama?"

"Sikuja mpaka hapa nipande."

Basi tukashuka. "Mguu mbaya kwanza, mama. Sasa ulete mzuri. Tulia. Mguu mbaya." Maneno yale nayasema kila siku Stanmore, lakini siku ile nilikuwa nayasikia masikioni kama mageni. Nyangi mbele na mkongojo, akiwaambia watu wapishe.

Tulipofika darajani akautoa mkono begani. "Hapa napita mwenyewe."

Akapita mwenyewe. Maji yanapiga chini ya miguu, upepo unavuta blauzi, mama hata hakuinamisha kichwa. Akafika kwenye ukuta wa mnara akauwekea kiganja, akakaa hivyo muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Kisha akageuka, akajifuta pua, akatuangalia mimi na Nyangi kama tumechelewa kipindi.

"Kisiwa ni nini?"

Wakuu, mimi na uzee wangu huu, kabla sijafikiri, nikajikuta nimesimama wima:

"Kisiwa ni sehemu ya nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote."

Akanitazama. Usoni, macho kwa macho.

"Vizuri. Kaa chini."

Nyangi alicheka mpaka akakaa yeye. Watalii wakageuka. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, na sioni haya kuliandika hilo.

Kupanda ilikuwa habari nyingine. Goti lilikuwa limevimba, kwa hiyo kitenge kikahama kutoka begani kuja mgongoni, mama akapanda. Nikapanda ngazi kidogo, nikamtua ukutani, tukapumua, nikambeba tena. Watu waliokuwa wanashuka wanajibana ukutani kutupisha. Wengine wanapiga makofi. Mama anawapungia mkono kama waziri kwenye ziara.

Njiani akaninong'oneza, "Baba Nyangi, unahema. Punguza ugali."

Nikajua tumekuwa ndugu.

Tulipotokeza juu, Bhoke alikuwa amesimama, mikono kichwani. Anamwona mume wake anatoka kwenye jabali na mama yake mgongoni.

"Nani kawaruhusu?" ndilo alilopata kusema.

"Mwalimu," nikamjibu.

Jioni ile tulinunua samaki na chips, tukarudi nazo kwenye caravan. Mimi nikachukua fungu langu nikaelekea nje kwenye gari, mazoea. Sauti ikatoka ndani.

"Baba Nyangi, samaki wako anapoa. Njoo ukae."

Nikakaa. Meza ile ni ndogo, magoti yanagusana. Hakuna aliyeongelea jambo hilo. Tulibishana kuhusu pilipili.

Kesho yake tukaenda Llanddwyn, kipande cha nchi chenye mnara wake na magofu ya kanisa, maji yakijaa kinakuwa kisiwa, yakitoka unapita mchangani kwa miguu. Pazuri sana, sitawamalizia. Mama alikaa mchangani na goti lake akifundisha, na Nyangi alikuwa anamjibu kwa Kiswahili, kibovu, lakini Kiswahili.

Niliporudi kazini nilimwonyesha yule bibi wa Kiwelisi picha kwenye simu. Akaishika muda mrefu, akaniuliza yule mama ni nani. Nikamwambia mama yangu.

Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege, Heathrow, Bhoke alimkumbatia mama yake, Nyangi naye akamkumbatia, wote wanalia. Mimi nikasimama pembeni umbali wa heshima, macho chini, maana London si ngazi zile, na sikutaka kumlazimisha.

Akaja mwenyewe na mkongojo wake. Akatoa kwenye mkoba kile kitenge, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Kikae kwako," akasema. "Nikija tena sitakihitaji."

Akaninyooshea mkono. Mtupu, bila kitambaa. Nikaupokea kwa mikono yote miwili.

Nilichojifunza, wakuu. Sisemi mila zitupwe, mimi mwenyewe nina za kwetu Singida na siwezi kuziacha. Ila wakwe zetu wanapotembelea huku wanakaa kwenye flat wanaangalia ukuta, na sisi tunasema shift, tunasema baridi, tunasema goti. Waulizeni wanataka kuona nini. Na wenye watoto wa kujibu Kiingereza msikate tamaa, wanasikia kila kitu, siku ikifika wanasema.

Haya, uwanja wenu. Kwenu mwiko wa mkwe bado upo, na huko ughaibuni mnauishi vipi? Na kama umewahi kumpeleka mzazi mahali, tuambie ni wapi.

Na wewe uliyekuwa unasubiri kuandika "chai", kitenge kiko sebuleni, kwenye mgongo wa kiti ninachokalia nikila.